Polepole Si Uvivu

Haya ni maongezi ya muuguzi mstaafu na wanafunzi wa shule moja ya sekondari mkoani Kilimanjaro. Tumeyaweka hapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali ya wanafunzi.





Kaeni. Wa nyuma kabisa mnanisikia? Haya.

Nimeombwa nije tuzungumze juu ya afya. Najua mnachotegemea. Mnategemea mama muuguzi aseme juu ya malaria, UKIMWI na mimba za utotoni. Hayo ni muhimu, na mtaendelea kuyasikia. Lakini leo nina ugonjwa mwingine. Hauna chanjo, na hata ukiutafuta kwa darubini huuoni. Unaitwa haraka.

Naona mnacheka. Basi niwaulize swali dogo. Leo asubuhi mlipotoka bwenini, mlima ulikuwa wazi au ulikuwa na mawingu?

(Wengine: Wazi! Wengine: Mawingu!)

Mnaona? Mlima ni mmoja, majibu mawili. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani, wanalipa fedha nyingi ili wauone mlima huu. Ninyi mnalala chini yake na leo hamkuinua macho. Siwalaumu. Kengele imelia, ndoo imechukuliwa na mtu, soksi moja haionekani, na mwalimu wa zamu yuko mlangoni na fimbo ya macho. Nani atatazama mlima?

Mimi mwenyewe niliishi hivyo miaka mingi. Niliajiriwa mwaka 1981 na kustaafu mwaka 2018. Wodini nilisifiwa kwa mwendo wangu. Walisema, "Yule akigawa dawa, wodi nzima inaisha kabla chai haijapoa." Nilijivuna sana. Mpaka usiku mmoja, nimeshika sinia la dawa, nikampa mzee mmoja vidonge vyake na kugeuka niende. Akaniita: "Sista, mbona leo ni vyeupe?" Nikarudi kutazama. Vilikuwa vya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mzee yule hakuwa amesoma uuguzi, lakini alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho usiku ule: alitazama kilichokuwa mkononi mwake.

Sikulala vizuri wiki nzima. Ndipo nilipoanza kujiuliza: hii haraka inanipeleka wapi?

SOMO LA MLIMA

Kaka yangu alikuwa mpagazi wa watalii. Alibeba mizigo kichwani mpaka magoti yalipokataa. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba huko juu maneno yanayosemwa kuliko yote ni haya mawili: pole pole. Mzungu hajui hata kusema "maji", lakini "pole pole" anaijua tangu siku ya kwanza.

Kwa nini? Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi. Kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa Tanga au Dar es Salaam. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku kadhaa. Unajifunza kupumua zaidi, na taratibu unaongeza chembe nyekundu za damu. Ukiukimbiza, unagoma. Kichwa kinauma, unatapika, unayumba kama mlevi. Ukiendelea kupanda katika hali hiyo, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu au ubongo ukavimba, na watu wamekufa kwa sababu hiyo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kaka yangu alilirudia kila mara. Vijana wenye misuli, wale wanaokimbia siku ya kwanza na kuwaacha wenzao, mara nyingi ndio wanaoteremshwa siku ya nne wakiwa wameshikwa mkono. Na bibi wa miaka 60, anayevuta hatua moja na kupumua, anafika kileleni na kupiga picha. Misuli haikusaidii kama mwili hujaupa muda.

Maisha nayo yako hivyo hivyo. Mengi ndani yetu yana mwendo wake, na hayasikii fimbo. Leo nitataja machache tu.

KWENYE SAHANI

Nimepita bwaloni kwenu saa ya chakula. Jamani! Ugali na maharage vinakwisha dakika nne. Mtu anameza huku anatazama foleni, asije akakosa nyongeza.

Kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza: tumbo likianza kujaa, taarifa haifiki kwenye ubongo papo hapo. Inachukua kama dakika 20 hivi mpaka ujisikie umeshiba vizuri. Anayekula kwa dakika nne anaweza kupita kiasi bila kujua. Au anamaliza chakula cha kutosha na bado anahisi njaa, akaondoka analalamika. Tena anayebugia anameza hewa nyingi pamoja na chakula. Hapo ndipo mnaposikia tumbo linanguruma darasani na kila mtu anamtazama mwenzake.

La pili, hili mlijaribu kwenye somo la Baiolojia. Mate yana kimeng'enya kinachoanza kuuvunja wanga mdomoni. Leo jioni chukua tonge moja la ugali mtupu, bila mboga. Litafune taratibu bila kumeza, uhesabu mpaka 40. Utasikia utamu unakuja. Sukari ile haikuongezwa na mpishi. Imetokana na wanga wa ugali wenyewe, kwa kuwa umeupa muda. Ni ugali ule ule unaousema kila siku kwamba hauna ladha.

MSULI NA USINGIZI

Hapa ndipo penye ugomvi wetu, maana najua mnavyopiga msuli.

Zamani nilipokuwa nahudumia wanafunzi, asubuhi moja ya mtihani wa Hisabati waliniletea kijana wa Kidato cha Nne. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, jasho. Nikadhani malaria. Nikapima, hakuna. Nikamwuliza, umelala lini? Akasema, "Mama, siku tatu hizi nakunywa kahawa tu." Kisha akaanza kulia. Aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Nimesoma kila kitu, lakini sasa hivi sikumbuki hata kimoja."

Kijana yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikosea jambo moja tu. Alidhani usingizi ni muda unaopotea.

Vijana wa miaka 13 mpaka 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa usiku. Haya, tupige hesabu. Hapa taa zinazimwa saa nne usiku, na kengele inalia saa kumi na moja alfajiri. Ni saa ngapi hizo?

(Wanafunzi: Saba!)

Saba. Tayari mna deni. Mwalimu Mkuu, samahani, hilo nitakufuata nalo ofisini. (Kicheko na makofi.) Sasa wewe unachukua tochi, unajifunika blanketi, unaiba saa mbili nyingine. Umebaki na tano. Na ni wakati wa usingizi ndipo ubongo unapoyapanga uliyosoma mchana na kuyatia nguvu yasipotee. Anayekesha ni kama mtu anayevuna mahindi shambani usiku kucha na hana ghala la kuyawekea.

Kuna Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyetoa kitabu mwaka 1885 juu ya kumbukumbu. Alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, safu baada ya safu. Aliona kwamba akigawanya marudio kwa siku kadhaa, anahitaji marudio machache kuliko akiyabana yote kwa siku moja. Wataalamu waliomfuata wamelipima jambo hilo mara nyingi na kukuta ni kweli. Kwa hiyo nusu saa leo, nusu saa keshokutwa, na nusu saa wiki ijayo, inashinda usiku mmoja wa kukesha. Polepole hapa si maadili tu ya wazee. Ni njia ya kufaulu.

MOYO WAKO MWENYEWE

Sasa tufanye jambo moja pamoja. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba, lina mapigo yake. Umeyapata? Hesabu kwa dakika moja, mimi natazama saa.

(Dakika moja.)

Basi. Mtu mzima aliyetulia ana mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, nanyi wakubwa mko karibu na hapo. Sasa vuta pumzi kwa pua, hesabu mpaka nne. Itoe taratibu, hesabu mpaka sita. Msilazimishe. Anayesikia kizunguzungu aache apumue kawaida. Tufanye hivi dakika tatu.

(Ukumbi umekuwa kimya. Njiwa wanasikika kwenye bati.)

Hesabuni tena. Nani yamepungua? Mikono mingi. Sikuwapa dawa. Moyo huenda kasi kidogo unapovuta pumzi na kupunguza mwendo unapoitoa. Ukirefusha ile ya kutoa, unauambia mwili kwamba hakuna hatari. Unapokuwa na haraka au hofu, mwili hutoa homoni ya adrenalini, moyo ukadunda na tumbo likasimamisha kazi yake. Hiyo ni nzuri ukifukuzwa na ng'ombe. Lakini ukiishi hivyo kutwa nzima, kila siku, utachoka, kichwa kitauma, usingizi utakukimbia.

Na kitu kimoja zaidi. Mmesikia wale njiwa? Walikuwepo tangu nilipoanza kusema.

Likizo mkienda nyumbani na kushika simu, mambo ni yale yale. Kidole kinasukuma video, moja baada ya nyingine. Ya kwanza imekuchekesha, ya pili imekuudhi. Ukiulizwa ya tatu ilihusu nini, hujui. Saa mbili zimekwenda. Simu si adui yangu, hata mimi ninayo. Ila mtu aliyetazama mambo 100 bila kukumbuka hata moja, tusimwambie kwamba amestarehe.

ANAYEKUAMBIA "LEO LEO"

Siwezi kuondoka bila kugusa mapenzi, maana naona mnasubiri. (Kicheko.)

Kuna mtu atakuja kwako na haraka. Atasema, "Kama kweli unanipenda, iwe leo." Atasema wenzako wote wameshafanya. Jueni hili: muuza bidhaa mbovu ndiye asiyetaka ukae na bidhaa uitazame. Mtu mwenye nia njema anaweza kungoja jibu lako, na jibu likiwa "hapana" ataliheshimu. Ukisikia moyo unadunda na mtu anakuharakisha, rudi nyuma hatua moja. Sema, "Nitafikiri." Neno hilo halijawahi kumpa mtu mimba wala ugonjwa.

KIKOMBE CHA BABA

Nimalizie na jambo langu mwenyewe. Huwa silisemi mara nyingi.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa, huku juu. Kila jioni alikaa nje kwenye kigoda na kikombe cha chai ya maziwa, akatazama mlima mpaka giza liingie. Mimi nilikuwa nafanya kazi mjini. Siku za mapumziko nilipanda kumwona. Nilifika na mfuko: sukari, sabuni, dawa zake za presha. Nilimpima, nikaandika, nikapanga vitu kabatini. Nilijiona mtoto mwema. Naye kila mara alisema, "Kaa kidogo, mwanangu." Nami kila mara nilijibu, "Baba, gari litaniacha. Nitakaa siku nyingine."

Alifariki mwaka 1994, wakati wa masika. Siku ya matanga wazee waliomba watu waeleze walivyomjua. Akasimama kijana mmoja, mtoto wa jirani, aliyekuwa akichunga mbuzi karibu na kwetu. Akaeleza jinsi baba alivyokutana na mama sokoni. Akaeleza mwaka ambao kahawa iliharibika shambani na namna walivyokula. Akaeleza kwa nini baba alipenda kukaa upande ule wa nyumba: ni pale mama alipokuwa akianika maharage. Watu wakacheka, wakalia. Mimi nilikuwa kama mgeni, nasikia habari za baba yangu kutoka kwa mchunga mbuzi.

Yule mtoto hakumletea baba sukari wala dawa. Alikaa tu.

Mpaka leo nikijaribu kukumbuka kikombe kile kilikuwa rangi gani, sikumbuki. Nilikiosha mara nyingi. Sikukitazama hata mara moja.

Vijana wangu, mnao watu nyumbani wanaosema, "Kaa kidogo." Mimi sina tena. Ndiyo sababu nimekuja.

MASWALI

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu: Mama, wahenga walisema "Haraka haraka haina baraka". Lakini hao hao walisema "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Tufuate lipi?

Swali zuri sana, mpigieni makofi. Fuateni yote mawili, kwa sababu kungoja na kwenda polepole ni vitu viwili tofauti. Anayengoja hajaanza. Anayekwenda polepole yuko njiani. Kusoma nusu saa kila siku tangu Januari ni polepole. Kusema "nitaanza Septemba" ni kungoja, na mwisho wake ndiyo ile haraka ya kukesha. Na yapo mambo yanayotaka mbio kweli. Aliyeng'atwa na nyoka, mtoto mwenye homa kali na degedege, anayetokwa damu nyingi, hao wapelekwe kituo cha afya mara moja. Aliyebakwa, au aliyekuwa katika hatari ya kupata VVU, awahi kituoni. Dawa za kuzuia maambukizi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Hapo msiniambie "Mama alisema polepole".

Mwanafunzi wa kutwa: Mimi natembea saa nzima kuja shule. Nikirudi nachota maji, napika, naosha vyombo, ndipo nisome. Hiyo polepole nitaipata wapi?

Ahsante mwanangu. Sitakudanganya. Ipo haraka inayoletwa na ugumu wa maisha, na haiondoki kwa kuvuta pumzi. Kwanza, zungumza na mama au shangazi siku ametulia, umweleze ratiba yako. Kama una kaka zako, nao wana mikono, ndoo haichagui mwanamume wala mwanamke. Pili, sikuombi utafute muda mpya. Ile saa ya njiani ni yako. Siku moja tu kwa wiki, itembee bila kukariri chochote na bila kugombana na mtu kichwani. Tazama mashamba, salimia wazee. Kazi itabaki ile ile, lakini utakuwa umepumzika kabla hujafika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza: Kama moyo unanienda mbio kila siku na sina raha hata nikitulia?

Hapo usijitibu kwa maneno yangu. Ukiona huzuni au hofu imedumu wiki mbili, hulali, huli, au unafikiria kujidhuru, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo, na uende kituo cha afya. Ni ugonjwa kama mwingine na unatibika. Ukimaliza hapa, njoo tuongee wawili tu.

JARIBU WIKI HII

1. Kila siku, kula matonge matano ya kwanza taratibu bila kuzungumza wala kutazama foleni.

2. Chagua usiku mbili ulale mara taa zinapozimwa, bila tochi. Asubuhi angalia kama umekumbuka uliyosoma.

3. Kabla ya jaribio darasani, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na itoe kwa hesabu ya sita, mara kumi.

4. Siku ya wazazi kutembelea, au ukienda nyumbani, kaa na mtu mmoja mzee dakika 15. Mwulize swali moja, kisha nyamaza usikilize.

5. Kesho asubuhi, ukitoka bwenini, simama kwa pumzi tatu utazame mlima. Nitamwomba matroni awaulize ulikuwaje, na safari hii nataka jibu moja.

Tokeni taratibu, mlango ni ule ule, haukimbii.